Safari ya Muskati Ndani ya Kabati

Chang'ombe, Temeke
14 Juni 1998

Kwa binti yangu Chausiku,

Nakuletea salamu kwanza, zangu na za shangazi yako Zubeda, na za jirani yetu Bernadeta, ambaye kaning'ang'ania nikuandikie kwamba goti lake limepona na anaweza kwenda sokoni mwenyewe. Mie afya yangu ya chuma, kama unavyonijua. Vipi wewe na mumeo Abdulrahman? Na hilo tumbo, linakwendaje? Kula chochote roho inachotaka. Marehemu mama yako alipokuwa na mimba yako alikula udongo wa kichuguu, ukaja kuota meno mazuri kuliko watoto wote wa mtaa huu.

Kompyuta mliyoniletea imefika. Mtu wa duka la Kariakoo kaja kuiunga, kanionyesha namna ya kuendesha ule mchezo wa ndege, akataka arudi kesho yake anifundishe tena. Nikamwambia bwana we, mie nimekaa na tanuri la kiwanda cha sabuni tangu nywele nyeusi mpaka nyeupe, mhandisi Mzungu mwenyewe alikuwaga ananiamkia yeye kwanza, sasa hicho kisanduku ndicho kitanishinda? Maneno yake ya Kizungu siyasomi, lakini kila kitufe nakijua kwa mahali pake, kama ulimi unavyolijua jino bovu.

Nimeiweka mahali pa heshima, ndani ya kabati la vioo, pale palipokuwa na seti ya chai. Shangazi yako kaifumia kitambaa cha nyuzi nyeupe chenye maua, kimeifunika yote juu mpaka mbavuni, kaacha wazi uso tu, imekaa kama bibi harusi. Waya wa vitufe na wa usukani nimeutoa kwenye upenyo. Milango naifunga kabisa vumbi lisiingie, natazama kupitia kioo cha kabati. Waliokuja kuona wote wamesifu.

Ina mlio. Ukiiwasha inaanza vuuu, inapanda, inapanda, mpaka glasi za kabatini zinatetemeka. Mie nilijua ndiyo injini ya ndege. Bernadeta kapiga ukuta: "Baba Chausiku, unasaga nini humo ndani?" Nikamjibu, "Nakwenda Muskati." Akasema, "Haya, ukirudi uniletee ubani."

Sasa nije kwenye neno lako. Unasema tiketi ipo, viza ipo, na pasipoti tuliyoikata wakati wa harusi yako bado inafaa, nije nikae nawe mpaka ujifungue. Nimekubali. Lakini mie si mtu wa kupanda kitu nisichokijua. Nitakwenda kwanza kwa mashine hii, kutoka kiwanja cha hapa mpaka cha huko kwenu, bila kukatisha. Nikitua salama, siku ya pili yake napanda ya kweli. Ndiyo masharti yangu.

Kuna udhia mmoja tu. Nikishaipita Lamu, mlio unakuwa mkali, kisha picha inaganda. Ndege inasimama hewani kama kuku kwenye picha. Muulize mumeo.

Baba yako mzazi,
Mwinshehe Kondo


Muskati
2 Julai 1998

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shangazi naye mwambie shikamoo, na mama Bernadeta mpe pole ya goti. Sie wazima. Joto la huku mwezi huu halisemeki, mtu ukitoka nje ni kama umefungua mlango wa lile tanuri lako. Tumbo linakua. Daktari anasema mtoto atakuja mwanzoni mwa Desemba, Mungu akipenda, na kanikataza kusafiri, basi kuja huko ndiyo siwezi tena.

Abdulrahman nilipomsomea barua yako kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaona haya, akaniambia nikwambie kwa adabu: Baba, itoe kwenye kabati. Huo mlio si injini ya ndege. Ndani ya kisanduku kuna feni ndogo inayoipoza, na inapiga kelele kwa sababu inatafuta hewa haipati. Milango imefungwa, kitambaa kimeziba matundu, inavuta joto lake yenyewe na kulirudisha mulemule. Ikishachemka ndiyo inaganda. Iweke juu ya meza tupu karibu na dirisha, uivue kitambaa, na mtu aifungue ubavuni apulize vumbi. Hiyo tu.

Baba, masharti yako nimeyasikia. Naomba nikukumbushe na mie kidogo. Harusi yangu ulisema unakuja, ukashikwa na malaria asubuhi ya safari. Mwaka jana ulisema unakuja, paa likavuja. Safari hii paa ni bati jipya, nimelilipia mwenyewe. Tiketi inakubali mpaka mwisho wa Novemba.

Nilituma huo mchezo ili uzoee kuiona dunia kutoka juu. Sikutuma ili uwe ndiyo mlango.

Mwanao,
Chausiku


Chang'ombe
25 Julai 1998

Chausiku mwanangu,

Barua yako nimeipokea nikiwa na nguvu zangu kamili, na shangazi yako pia, ila kitu kimoja kimemkera, hilo la kitambaa. Kasema, "Mwambie huyo mume wa Chausiku, hata redio ya marehemu baba yetu ilivaa kitambaa na haikupata kuumwa." Akaondoka kwenda jikoni, na vyombo vikapiga kelele huko kwa muda. Kwa hiyo kitambaa hakivuliwi. Na kabati halihami, kwa sababu ukikiweka kitu kama hicho dirishani Chang'ombe hii, jioni utakitafuta.

Halafu mumeo nampenda, lakini habari ya moto asinifundishe. Mashine yoyote yenye kazi lazima ichemke. Tanuri letu lilipokuwa baridi maana yake hakuna sabuni siku hiyo. Joto ndiyo nguvu yenyewe. Mashine baridi ni maiti.

Hilo la kelele nimeshalimaliza kwa mikono yangu. Nimefungua ubavu, nikaiona hiyo feni, kitu kidogo hata kiganja hakijai, inalia kwa ukavu. Nikaipaka mafuta ya nazi, mazuri, aliyokamua shangazi yako, nikayashindilia mpaka kwenye kiini. Nikafunga. Nikawasha. Kimya! Huwezi kuamini. Nimeinyamazisha. Bernadeta kaja mbio kuuliza kama nimekufa.

Na katika kimya hicho, mwanangu, nimeona mambo. Nakaa kwenye kiti changu baada ya chakula cha mchana, mapazia nimeshusha, sebule ina kigiza kama maji ya mtungini. Naiinua ndege polepole. Paa za Temeke zinakwenda chini, wenyewe wamechora kijani tupu na mistari, lakini mie nazijaza nyumba mwenyewe, hapa kwetu, pale kiwandani, kule kaburini kwa mama yako. Halafu mawingu. Nikiingia kwenye mawingu sijui kama nimefumba macho au nimefumbua. Juzi nimemwona mama yako huko, mikono ina povu, anaanika shuka juu ya wingu, anazinyoosha pembe. Hakushtuka kuniona. Kaniambia, "Pita tu, mie nikimaliza hizi nakuja." Nikapita. Chini bahari, buluu isiyo na mwisho, na mie nimekaa juu yake kama mtu aliyekalia mkeka wake.

Ila sasa inaganda mapema. Hata Pemba sijaifika. Nadhani mliuziwa mbovu.

Baba yako,
Mwinshehe Kondo, fundi


Muskati
11 Agosti 1998

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini barua hii inawakuta nyote salama, na hiyo kompyuta haijaunguza nyumba.

Usiiwashe! Feni haijanyamaza kwa kushiba mafuta, imesimama. Mafuta ya nazi yameshikana na vumbi yakawa gundi. Abdulrahman safari hii hakucheka. Amekununulia feni mpya, namtuma nayo Farida binti Shomari anayekuja huko kwa harusi, utaipata ndani ya kopo la maziwa ya unga. Inaingia mahali pa ile ya zamani kwa parafujo nne. Usiipake kitu. Na mwambie shangazi kitambaa chake ni kizuri mno, ndiyo maana nakiomba kije huku kimfunike mtoto. Mashine ibaki uchi.

Hiyo ya mama nimeisoma peke yangu. Nilienda kukaa bafuni nikaisoma tena.

Baba, nataka nikuandikie bila mzaha. Abdulrahman ni mwema, lakini anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Majirani ni wema, Kiarabu chao nakielewa nusu. Mchana nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji. Mtoto akicheza tumboni natafuta wa kumwambia "njoo ushike" simpati. Shangazi hawezi kuja, mguu wake haumruhusu. Mama ndiyo huyo, yuko mawinguni na shuka zake. Umebaki wewe. Sitaki unisaidie kitu, kupika huwezi na kuogesha mtoto huwezi. Nataka nisikie mtu anajisifu sebuleni kwangu.

Kama unaogopa, sema unaogopa. Hakuna atakayejua ila mie.

Mwanao,
Chausiku


Muskati
6 Oktoba 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Ni muda sasa tangu nikuandikie, na huku hakijafika hata kipande cha barua yako. Farida kasema feni alikukabidhi mkononi. Nikaingiwa na wasiwasi, nikapiga simu duka la Gregori hapo kona, nikaomba waniitie Baba. Mtu akaenda, akarudi, akaniambia, "Dada, mzee kasema yuko safarini." Nikamwuliza safari gani. Akasema, "Ya kila siku. Asubuhi anaondoka, adhuhuri anatuambia alipofika. Jana alikuwa Somalia."

Nikakata simu. Nilicheka kwanza, halafu sikuweza kuendelea kucheka.

Daktari kaniambia nilale zaidi, miguu imevimba. Nimelala ubavu ninapoandika haya, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande. Sitakuomba tena, Baba. Si kwa hasira. Mtu kuomba kila wakati anajikuta amechoka tu. Niandikie neno moja, ndiyo au hapana, nimwambie Abdulrahman airudishe tiketi au aiache. Likiwa hapana, bado wewe ni baba yangu, na mtoto nitamfundisha jina lako.

Wasalimu wote.

Chausiku


Chang'ombe
15 Novemba 1998

Mwanangu Chausiku,

Salamu zako zote nimezigawa kwa wenyewe, kila mtu kapata yake. Nakuuliza hali ya miguu, imepungua uvimbe? Huku joto limeanza, usingizi wa mchana mtu analala kama samaki juu ya bati. Sie wazima.

Nimekaa kimya na sitaki kuulizwa sana habari ya kimya hicho. Feni mpya nilifunga mwenyewe, parafujo zote nne, sikupaka kitu. Nikairudisha kabatini na kitambaa chake, nikaanza upya. Kila siku nilikuwa naondoka. Niliifika Mombasa, nikaifika Lamu, nikakata pwani yote ya Wasomali, na kila siku feni inaanza kulia, vuuu, kioo cha kabati kinaingia ukungu wa joto, na mie naganda juu ya maji. Watu wakiniuliza nimefika wapi nawaambia. Nikajiambia, kesho. Ukweli ni kwamba nikishaganda nilikuwa naona raha kidogo. Unanielewa? Najiambia, basi, leo tena siwezi kwenda, si kosa langu, ni mashine.

Barua yako ya Oktoba alinisomea Bernadeta, maana miwani ilikuwa imekatika mkono. Alipofika kwenye "mtu kuomba kila wakati anajikuta amechoka" akanyamaza, akakunja, akaniwekea gotini. Mama yule hajapata kunyamaza mbele yangu tangu ahamie kutoka Masasi. Kasema tu, "Baba Chausiku, itoe hiyo kitu kwenye kabati." Shangazi yako alikuwa mlangoni. Kaja, kavua kitambaa mwenyewe, kakikunja vizuri, kakiweka kwenye sanduku la nguo zinazosafiri.

Basi nikaitoa. Nikaiweka juu ya meza ya kulia, nikafungua ubavu wote, dirisha wazi, mlango wazi, mchana kweupe, mtaa mzima unanitazama. Nikaondoka. Jua likapanda. Nilipofika pale bahari inapoanza kuwa yenyewe tu, pasipo pwani kushoto wala kulia, feni ikaanza kulia tena, maana hewa yenyewe ya Dar siku hizi ni moto, itapoza nini? Nikajua naganda. Nikasikia ile raha inakuja.

Shangazi yako kasema, "Haigandi leo." Kaenda jikoni kaleta kipepeo cha ukili, kile cha kupepea jiko la mkaa, kakaa kwenye kigoda kwa ule mguu wake, kaanza kupepea ubavu wa mashine. Taratibu, kama mtu anayepepea mgonjwa. Mlio ukashuka. Nikaendelea. Mkono ukimchoka, Bernadeta anapokea. Huyu akipepea, yule anauliza, "Sasa tuko wapi?" Nawaambia majini. "Bado majini?" Bado. Chakula cha mchana kiliungua, hakuna aliyeinuka.

Mwanangu, siwezi kukuandikia vile ilivyokuwa. Buluu chini, buluu juu, na ule upepo wa kipepeo unanigusa shavuni, una harufu ya mkaa na vitunguu. Wanawake wawili wanahema kwa zamu nyuma yangu. Sikujua tena kama ni ndege inakwenda au ni nyumba. Nilihisi Chang'ombe yote imeng'oka na kabati lake na jiko lake, inaelea kuelekea kwako, na hao wawili ndio mbawa.

Halafu nchi ikatokea. Kahawia. Milima kama maandazi yaliyokauka. Nikashuka, jicho moja nimelifumba, hilo usimwambie mumeo. Nikaiona njia ya kutua, mstari mmoja mweusi. Nikagusa, nikaruka kidogo, nikagusa tena, nikasimama. Nimefika Muskati! Bernadeta kapiga kigelegele mpaka kwa Gregori wakatoka dukani.

Shangazi yako hakupiga. Kasogea karibu na kioo, kipepeo kiko mkononi, anachungulia. Kasema, "Chausiku yuko wapi?"

Nikamwambia huu ni mchezo.

"Najua ni mchezo. Nyumba yake iko upande gani?"

Nikageuza ndege kulia, nikageuza kushoto. Hapana nyumba. Hapana mti, hapana mtu. Kahawia mpaka mwisho. Hata mtu wa kufungua mlango hapana, na huo mchezo hauna kushuka, unakaa humo humo ndani, injini imezimwa, unatazama mchanga. Niliusogeza uso kwenye kioo kama mjinga. Nikajikuta naita jina lako kimoyomoyo.

Shangazi yako kaangusha kipepeo. "Kaka, tumekupepea mchana kutwa ukatue jangwani?"

Hakungoja jibu. Kaenda kuepua sufuria iliyoungua. Mie nikabaki nimekaa kule Muskati peke yangu, na feni inazunguka polepole, haina tena cha kupoza, mpaka umeme wa mgawo ukakatika.

Siku ya pili yake, kama nilivyosema kwenye masharti yangu, nikaenda ofisi ya ndege mjini. Yule binti wa mezani kanipa Jumapili ijayo, asubuhi. Shangazi yako atakupigia simu kukwambia saa ya kuja kunipokea, mie simu sizipendi, mtu unapiga kelele na jibu linachelewa. Nguo nimefunga. Nimenunua viatu, vinabana.

Umeniuliza kama naogopa. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mpaka karatasi imetoboka, utaona tundu hapo juu ya neno hili. Basi. Soma kwenye tundu.

Barua hii nikiipa posta itanikuta huko huko, kwa hiyo naitia mfuko wa kanzu, nitakukabidhi kwa mkono wangu. Utakapofika kwenye mstari huu nitakuwa nimekaa mbele yako, kwenye kiti chako, nakutazama ukisoma. Usiinue uso haraka. Ukimaliza, niulize kwa sauti, mumeo asikie, kwamba safari ilikuwaje. Mie nitasema sikuogopa hata chembe, na kwamba rubani mwenyewe alikuja kunisalimia. Nawe uitikie, "Ndiyo, Baba."

Baba yako,
Mwinshehe